Sadfa ya Kilio cha Kasha

Katika mji wa Bukavu hakuna jambo linalotokea lenyewe. Umeme ukikatika, kuna aliyeukata. Ukirudi, kuna aliyesali. Ukuta ukiporomoka wakati wa mvua, mvua huitwa kama shahidi tu, na mkosaji hutafutwa miongoni mwa majirani. Mtoto akifaulu mtihani, sifa ni za Mungu. Akianguka, lawama ni za mwalimu. Nilikua ndani ya uhakika huo bila kuutilia shaka, hadi nilipokwenda kusoma lugha na tamaduni za Kiafrika katika chuo cha ualimu, ambako mhadhiri wetu alituandikia ubaoni neno sadfa.

Alilieleza kwa sentensi moja: mambo mawili kukutana pasipo yeyote kukusudia yakutane. Wenzangu walinakili, wakageuza ukurasa. Mimi niliduwaa. Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka ishirini bila neno hilo, na sikujua kwamba nililihitaji.

Bahati tunayo, tena kwa wingi. Tumewapa watoto wetu jina hilo kiasi kwamba ukiliita sokoni kwa sauti, unaitikiwa kutoka kila upande. Lakini bahati yetu daima ina mwenyewe. Ni bahati ya fulani. Amepewa, ameibiwa, imefungwa na jirani, imefunguliwa na mchungaji. Ajali tumeiachia magari, na hata hapo kabla gurudumu halijaacha kuzunguka tayari tunauliza dereva alikuwa amekosana na nani. Wanaopenda Kifaransa wana par hasard yao, yaani “bila kupangwa”, lakini sikilizeni wanavyoitumia: “Par hasard, si weye njo ulibeba parapluie yangu?” Anayeuliza hivyo haamini kamwe kwamba kuna hasard duniani. Ameshahukumu, anasubiri mwavuli wake tu.

Niliamua kulileta neno sadfa nyumbani. Sikufanya hivyo kwa majivuno ya msomi. Niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba mji usio na neno la jambo lisilo na mkosaji utaendelea kuzalisha wakosaji. Nimewaona wajane wakitolewa majumbani mwao kwa sababu maradhi ya waume zao hayakuruhusiwa kuwa maradhi. Hivyo basi, kazi yangu ya kumalizia masomo ilihusu neno hilo, na nilipoitetea mbele ya walimu nilisema kwa sauti iliyotetemeka kwamba lugha inaweza kuokoa watu. Walimu walinipongeza kwa mpangilio mzuri wa sura.

Mpinzani wangu wa kwanza alikuwa baba. Alistaafu baada ya kuongoza shule ya msingi kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na dunia nzima kana kwamba imechelewa kufika darasani. Nilipomwambia kwamba kuna mambo yanayotokea tu, aliweka kikombe mezani.

“Tu ni nini?” aliuliza.

Neno hilo “tu” lilikuwa limeshamnyang’anya dada yangu mkubwa mchumba mmoja. Kwetu, jamaa za kijana wakija kujionyesha, upande wa msichana huuliza jambo moja kabla glasi haijaguswa: mutoto wetu mulimujulia wapi? Katika nyumba nyingi ni utaratibu tu. Wageni husema “kwa kanisa”, watu hucheka, chupa zinafunguliwa. Kwa baba ulikuwa mtihani. Yule mchumba wa kwanza, kijana mwenye duka la dawa, alijibu mwenyewe huku akitabasamu: “Tulikutana tu, papa.” Baba alimtazama kwa huruma halisi.

“Mutu anayepata muke tu, atamupoteza vilevile tu,” alisema. “Murudie kwanza nyumbani, mufikiri.”

Walipanda mteremko wa Kadutu na kreti zao za bia, hawakurudi tena. Dada alilia siku hiyo, na kesho yake akasema afadhali, kwani kijana yule alikuwa akitafuna kwa sauti. Lakini huyu wa pili, mwalimu wa hisabati ambaye jamaa zake ni wa Shabunda, hakuwa mtu wa afadhali. Alipokwenda kwao na simu yake ikakosa mtandao, dada aliacha kula. Kama baba angemkataa na huyu, sote tulijua kwamba dada asingepata la kujifariji nalo. Na mahali walipojuana palikuwa pabaya kuliko “tu” yoyote.

Dada ni muuguzi, na mama wa muuguzi mwenzake anayefanya naye kazi Katana alikuwa amefariki. Kilio kilikuwa Kasha, pembeni mwa Bagira, na mimi na dada tulipanga kila mmoja atoke kazini kwake tukutane hukohuko. Tulielekezwa kwa simu: turubai la buluu, baada ya bomba la maji. Mimi nilifika nikaona matanga, nikaingia, nikamkuta yule muuguzi, nikampa pole. Sikujua kwamba kabla ya kona, karibu zaidi na bomba, kulikuwa na turubai jingine la buluu.

Dada aliingia katika lile la kwanza. Wote waliokulia kwetu wanajua jinsi mtu anavyoingia kwenye kilio: haingii kwa kubisha hodi. Anaanza kulia akiwa bado njiani, anapita moja kwa moja hadi kwa akina mama walioketi kwenye mikeka, anamwangukia yule anayeonekana kuwa na uchungu zaidi. Na hakuna anayemuuliza yeye ni nani, kwa kuwa kumuuliza anayelia jina lake ni tusi ambalo familia haisahau. Dada alimwangukia bibi mmoja mzee, akamkumbatia, akapaza sauti: “Maman wetu, maman wetu ametuacha!”

Marehemu alikuwa mwanamume.

Akina mama hawakushangaa. Baadaye tuliambiwa walivyonong’onezana: bila shaka ni mmoja wa watoto ambao mzee aliwasomesha kwa siri, aliwalea hadi wakamwona kama mama. Nyimbo zilikuwa za Kirega, nazo pia hazikumshtua dada, maana alidhani muuguzi mwenzake ana mashemeji wa Kirega. Alilia vizuri. Dada yangu hulia vizuri siku zote. Ana moyo ulio karibu na macho. Na yule bibi, mjane wa marehemu, ambaye tangu kifo alikuwa ameketi mkavu kama jiwe, bila chozi wala tonge la bugali, alimshika dada mkono na kwa mara ya kwanza akaanza kulia.

Baada ya muda dada aliinua macho akaiona picha kando ya mshumaa: mzee mwenye koti na masharubu. Alijaribu kusimama. Bibi hakuuachia mkono wake. Ndipo kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, alipomletea kiti na kumuuliza kwa upole alijuana na mzee wapi. Dada, ambaye hawezi kudanganya akiwa amelowa machozi, alimnong’oneza ukweli wote. Kijana alifunika uso kwa kitambaa, mabega yakaanza kumtikisika. Wajomba zake walikuja mbio kumshika wakidhani uchungu umemzidi. Alikuwa akicheka.

“Tafazali usitoke,” alimwambia alipoweza kusema. “Bibi akikula, akule na weye.”

Dada akabaki. Jioni nilimkuta akiwa amekaa katikati ya watu asiowajua, sahani mapajani, bibi akimlisha viazi kwa mkono wake, na yule mjukuu, ambaye ndiye mwalimu wa hisabati, akiwa amesimama nyuma yao na mwavuli, ingawa mvua ilikuwa imeshakatika.

Hiyo ndiyo ilikuwa sadfa yangu. Niliichunguza kutoka pande zote na sikuona doa. Maturubai mawili ya rangi moja, bomba moja, msichana mmoja mwenye haraka. Kama ningekuwa bado sijaandika kazi yangu ya chuo, ningeianzia hapo.

Siku ya kujionyesha ilipokaribia, wanawake wa nyumba walikutana jikoni: mama, shangazi yangu ambaye ni dada wa baba, dada, na mimi niliyekuwa nikichambua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Baba alijua kwamba tulikwenda Kasha kwenye kilio cha mama wa yule muuguzi, lakini si yaliyompata dada huko. Yeye, kama Mkatoliki mwema, hakuamini mambo ya ishara na nuksi. Aliyaheshimu tu, kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani.

“Tukisema ni kwa kilio,” mama alisema, “papa yenu ataona ndoa imezaliwa na machozi. Atasimama na atatoka.”

“Na mutu wa Shabunda tena!” shangazi akadakia. “Kule hakuna barabara. Siku watagombana, mutoto atarudia hapa na nini? Na ndege?”

“Shangazi, hatutagombana,” dada alisema.

“Njo vile bote banasemaka.” Shangazi alipangusa mikono kwenye kikwembe chake, akatoa hukumu. “Waseme walijuana kwa korali. Hakuna baba anayekataa korali.”

“Lakini yaya hajui kuimba,” nikasema, nikimwonyesha dada.

“Nani anamuomba aimbe? Tunamuomba aolewe.”

Nilisema niliyopaswa kusema. Nilisema kwamba ndoa haijengwi juu ya uongo, hata uongo wa sauti nne. Kwamba ukweli wenyewe ni safi, hauna aibu. Kwamba dada alikosea turubai, na jambo hilo lina jina lake, nalo ni sadfa. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ambayo ingepaswa kunitia hofu.

“Weye na hiyo sadfa yako,” alisema. “Ilisha kukuletea bwana?”

Mama alicheka hadi akaketi. Dada hakucheka. Alinifuata nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo, akanishika kiwiko.

“Mudogo, mimi sitafuti haki,” aliniambia. “Mimi natafuta bwana. Tafazali.”

Nilimwahidi kwamba sitasema neno bila kuulizwa. Ahadi hiyo haikunigharimu kitu. Siku ya kujionyesha ningekuwa nabeba sinia ya vinywaji, na katika mila zetu mbeba sinia haulizwi ila kama kuna barafu.

Walikuja wamevaa vizuri. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtoto wa marehemu yule wa Kasha: mzee mfupi, mchangamfu, aliyeshuka kutoka Shabunda kwa ndege ndogo inayobeba watu pamoja na magunia, na koti lake lilikuwa bado na harufu ya samaki wa kukaushwa. Baba hakuwa na msemaji. Hakuamini kwamba kinywa cha mtu mwingine kingeweza kupanga sentensi zake. Dada, kama ilivyo desturi, alikuwa amefichwa chumbani nyuma ya pazia, akisubiri kuitwa au kutoitwa.

“Karibuni,” baba alisema. “Mbele hatujakamata glasi, kuko swali moja. Mutoto wetu mulimujulia wapi?”

Mzee wa Shabunda alisimama, akavua kofia.

“Papa mukwe, asante kwa swali. Jibu walishanifundisha. Waliniambia niseme korali.”

Mwalimu wa hisabati alifumba macho. Nyuma ya pazia kitu kama kifuniko cha sufuria kilianguka.

“Sasa mie nikauliza huyu kijana wetu: weye unaimbaka? Akasema apana. Na mutoto wa wenyewe, yeye anaimbaka? Akasema apana. Nikamuambia: basi ile korali ni ya mabubu?” Upande wao ulicheka, upande wetu ulicheka pia, kisha ukamtazama baba na kuacha. “Papa mukwe, mie ni muzee. Siwezi kula kuku yako na uongo ikiwa ndani ya kinywa. Mutoto wenu tulimuona Kasha, kwa kilio ya papa yetu.”

“Kwa kilio,” baba alisema.

“Kwa kilio.”

“Mutoto wangu alikuwa anamujua papa yenu?”

“Apana.”

“Sasa alienda kufanya nini kwa kilio ya mutu asiyemujua?”

Mama alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Shangazi aliangalia dari kama anayetafuta korali yake huko. Baba aligeuka taratibu, na macho yake yakaja kutua juu yangu.

“Weye. Weka ile sinia chini. Siku ile ya Kasha si mulienda pamoja?”

Nilikuwa nimeulizwa. Niliweka sinia chini. Sitaficha kwamba, pamoja na hofu niliyokuwa nayo kwa ajili ya dada, nilihisi pia kitu kama furaha: hatimaye neno langu lilikuwa limeitwa mbele ya watu.

“Papa,” nilisema, “ni sadfa.”

“Sadfa ni nani?” baba aliuliza.

“Si mtu, papa. Ni jambo linalotokea pasipo mtu kulikusudia.”

“Hakuna mutu aliyemutuma pale?”

“Hakuna, papa.”

“Huyu kijana hakumuita?”

“Hawakuwa wanajuana.”

“Rafiki yake wa Katana hakupanga wakutane?”

“Yule rafiki hawajui watu hawa hata leo. Kilio chake kilikuwa turubai la mbele. Yaya alikosea.”

“Shangazi yenu hakuweka mukono?”

“Mie!” shangazi akasema. “Na ile Shabunda yao ya ndege?”

“Hakuna mkono wa mtu, papa,” nilisema, na sauti yangu ilikuwa imara kuliko siku ya kutetea kazi yangu chuoni. “Nimelichunguza jambo hili. Hakuna aliyetaka, hakuna aliyepanga, hakuna aliyejua.”

Nilipomaliza, ndipo nilipong’amua nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimetumia dakika nzima, na elimu yangu yote, kusema “tu”. Mwenye duka la dawa alilisema kwa silabi moja akarudishwa nyumbani. Mimi nililisema kwa hoja zilizopangwa vizuri. Kwenye ukingo wa pazia niliona vidole vya dada vimeshika kitambaa, vimekaza.

Mzee wa Shabunda ndiye aliyedakia. Alipiga kofi moja la nguvu.

“Umesikia!” alisema. “Mutoto amesoma, na ameongea vizuri. Hakuna mutu. Ametafuta huku, hakuna mutu. Ametafuta kule, hakuna mutu. Papa mukwe, mie nakuuliza: kama hakuna mutu alimutuma, basi nani alimutuma?”

Baba aliinua kichwa.

“Maman yetu alikuwa amekauka,” mzee aliendelea, na sauti yake haikuwa tena ya kuchekesha. “Hakulia, hakukula. Tulikuwa tunasema tutazika wawili. Huyu mutoto akaingia, hatumujui, akamukamata, akaita maman, maman. Na maman akalia. Akakula. Iko mzima mupaka leo. Sasa mutaniambia muzee wetu, mbele aende, hakumutafutia muke wake mutu wa kumufanya alie? Ni yeye njo alimuita. Na Mungu akakubali.”

“Mupango ya Mungu,” mtu mmoja alisema upande wao.

“Mupango,” mama akaitikia upande wetu, haraka sana.

Nilitaka kuzungumza. Kulikuwa na kosa la mantiki hapo, kosa kubwa kiasi cha kupita gari. Nilikuwa nimewafuta wakusudiaji wote mmoja mmoja, kwa ukamilifu ambao walimu wangu hawakuwahi kuupata kwangu. Na katika nafasi tupu niliyoiacha, safi, imefagiliwa, mzee wa Shabunda alikuwa amemkalisha marehemu baba yake.

Lakini baba alikuwa ameshasimama. Sijawahi kumwona akisimama namna ile, polepole, kama kanisani wakati wa Injili.

“Miaka yote,” alisema, “mie niko naogopa mukono ya batu. Huyu anamuleta kijana juu anataka kitu, yule anamusifu juu anataka kitu. Njo sababu niko nauliza. Lakini hapa mutoto wangu mwenyewe ameshuhudia: mukono ya mutu hakuna.” Akanigeukia, na machoni mwake mlikuwa na heshima niliyoitafuta tangu nilipoanza chuo. “Mwanangu, eleza tena ile neno. Pole pole, wote wasikie.”

Watu wote waligeuka kunitazama. Maana kamili nilikuwa nayo, ya pande zote mbili: kwamba sadfa ni jambo lisilokusudiwa na mtu, wala na kitu kingine chochote, kilicho hai au kilichokufa, duniani au juu yake. Ukiondoa nusu ya pili, hakuna sadfa. Kuna muujiza uliovaa jina la kitabuni. Niliyajua hayo. Nilikuwa nimeyaandika.

Vidole vilikuwa bado pale kwenye pazia.

“Sadfa,” nilisema, “ni jambo ambalo hakuna mtu aliyelipanga.”

“Hakuna mutu!” baba alirudia, akiinua kidole juu, na chumba kizima kikaitikia Amina.

“Hii neno ni muzuri,” mzee wa Shabunda alisema. “Mie nitapanda nayo ndege.”

Baba alipokea glasi ya kwanza. Shangazi, ambaye hakuwahi kuipinga ndoa hii na angemkana yeyote aliyesema vinginevyo, alipiga kigelegele cha kuziba masikio, akavuta pazia. Dada alitoka amevaa kikwembe kipya, uso umelowa kama siku ile ya Kasha. Alipopita karibu yangu hakunikumbatia, kwa kuwa desturi haikuruhusu kabla hajawasalimu wageni. Alinikanyaga tu mguu kidogo, kwa makusudi kabisa.

Niliokota sinia yangu, nikaenda kummiminia mzee wa Shabunda kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aliinywa yote, akaniuliza kama kuna barafu.